Taa Nyekundu Tuliyokuachia

Mwalimu Mpola,

Shikamoo. Sijui kama aliyetangulia anaamkiwa, lakini siwezi kukuandikia bila shikamoo. Mkono wenyewe utakataa.

Naandika kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza ningekuandikia kama mtihani, na Kihaya, ambacho ndicho ninachokulilia, hakuna aliyewahi kunifundisha kukiandika. Na wewe ulifundisha hivyo hivyo. Kiingereza mlango ukiwa wazi, kwa sababu ya wakaguzi. Halafu unausukuma mlango kwa kisigino unarudia yote kwa Kiswahili. Tukibaki tumekodoa macho unashusha sauti, "Haya waitu, watu wa kwetu, sikilizeni kama mko jikoni kwenu," ndipo Kihaya kinaingia, na kompyuta inakuwa kitu cha nyumbani kama chungu.

Ni mimi Editha, yule wa mikono. Niko Kidato cha Tatu sasa.

Nilitaka nianze na habari ndogo ndogo, kwamba mvua zimechelewa huku Ngenge, kwamba yule mbuzi wa mlinzi bado anaingia darasani. Lakini najua ungeniambia niache kuzunguka. Basi nasema. Chumba cha kompyuta hakina kompyuta. Zimeondoka zote. Meza zipo, zile alama za vumbi zenye umbo la mashine zipo, na kwenye ukuta bado kuna maneno yako ya chaki ambayo hakuna anayethubutu kuyafuta: SEMA KWANZA, BOFYA BAADAYE.

Acha nikueleze ilivyokuwa.

Unakumbuka ulivyoanza na sisi? Tulikuwa Kidato cha Kwanza, tumenawa mikono mpaka kwenye viwiko kwa sababu tulisikia mashine hazitaki uchafu. Tukakuta umezifunika zote. Mezani kuna mkungu wa ndizi ulioutoa kwenu Ijuganyondo, maana ulisema ndizi za kwetu bondeni si ndizi, ni majani yaliyojitahidi. Ukashika kisu ukasema, "Mimi ni mashine. Nina nguvu, nina haraka, sina akili hata moja. Niambieni nimenye ndizi." Projestus, nani mwingine, akapaza sauti kutoka nyuma: "Menya!" Ukaanza kumenya meza. Tulicheka. Akasema, "Menya ndizi, Mwalimu!" Ukaukumbatia mkungu mzima ukaanza kuukwangua kwenye kikonyo. Darasa zima likawa linapiga kelele, chukua moja, shika kwa mkono wa kushoto, kata ncha, hapana si kidole, ncha ya ndizi. Kipindi kikaisha ndizi moja tu imemenywa. Ukainyanyua juu ukasema hiyo ndiyo programu yetu ya kwanza, na kwamba tumeitunga kwa lugha ya bibi zetu.

Mimi sikusema neno siku hiyo. Lakini usiku nyumbani nilimmenyea mama ndizi huku nikijiamrisha moyoni hatua moja moja, akaniuliza mbona leo namenya kama mgonjwa.

Halafu ukatugawa wawili wawili, kwa sababu mashine zilikuwa chache na sisi wengi. Mmoja mdomo, mwingine mikono. Mdomo haugusi kitu. Mikono haifanyi ambalo haijaambiwa, hata kama inajua. Shule nyingine wanafundishwa kubofya, ulisema, na kubofya hata kuku anaweza akipita juu ya kibodi. Kazi ni kujua kuamuru. Ukanipanga na Projestus, yeye mdomo, mimi mikono. Sijui kama ulituonea huruma au ulitaka kucheka.

"Editha, bofya hapo!"

Nami nakaa.

"Hapo, wewe. Hapo hapo!"

Nakaa tu. Unapita nyuma yetu na lile shati lako la bluu lililopauka mabegani, unasema, "Hapo ni wapi, Projestus? Mashine haioni kidole chako. Mpola." Hilo neno lako. Mashine ikichelewa kuwaka, mpola. Mtu akilia kwa kufuta kazi yake yote, mpola, polepole, tunaanza upya. Tukakuita Mwalimu Mpola, ukajua, ukajifanya hujui.

Nilipenda kuwa mikono. Hili sijawahi kumwambia mtu. Nilipenda kwa sababu mikono haiulizwi maswali. Mahali pengine pote shuleni nilikuwa naogopa kuitwa jina, hata kwenye orodha ya asubuhi sauti yangu ilikuwa inatoka imepinda. Pale mbele ya mashine nilikuwa nasikia tu na kutenda, na ilikuwa inatosha. Nilidhani hukuona. Kumbe uliona. Siku ya mwisho kabla hujaenda nyumbani wikiendi ile, tulipokuwa tunafunika mashine, ulisema bila kunitazama, kama mtu anayeongea na waya, "Muhula ujao, Editha, unahamia kwenye mdomo."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Sijasikia."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mashine imesikia. Mimi bado."

Sikurudia. Ukacheka, ukachukua begi lako, ukaenda zako Bukoba. Jioni ile niliomba muhula ujao usifike. Niliomba kweli, Mwalimu, na rozari mkononi. Jumatatu asubuhi Mkuu wa shule akasimama mstarini akatuambia presha ilikupanda ukiwa kwenu, na kwamba hospitali hukukaa sana.

Sitaki uniambie kwamba Mungu hasikilizi sala za namna ile. Najua. Lakini najua kwa kichwa tu.

Tulikuja kukuzika, wachache waliochaguliwa, kwa gari la shule ya jirani. Sikuwahi kufika Ijuganyondo. Ni kweli ulivyosema, ni kijani mpaka macho yanapumzika. Walikuzika nyuma ya nyumba katikati ya kibanja, na migomba imekaribia kaburi kama watu waliokosa viti. Foleni ya kukuaga ilipokaribia kwangu nilitoka pembeni. Naomba unisamehe. Nilitaka nibaki na ule mgongo wako unaoondoka na begi, hata kama nilikuwa sijakujibu.

Ndani sebuleni walikuwa wametandaza nyasi, na mama yako amekaa chini na wanawake wengine. Matroni wetu akatutaja majina mmoja mmoja tumpe pole. Lilipofika langu mama yako akainua uso. Akaniita karibu, akanishika mikono yote miwili, akaigeuza, akaitazama viganja kama anatafuta kitu kilichoandikwa. Akasema kwa Kihaya, "Ndiye huyu mwenye mikono inayosikia?" Kumbe ulikuwa unamsimulia. Jumamosi ukimenya naye ndizi, ulikuwa unamsimulia habari zetu. Nilitaka kusema kitu. Nilisema "Ndiyo" kwa sauti ile ile ya mashine, naye hakuniambia kwamba hakusikia.

Sasa nafika kwenye taa.

Unajua kwetu mtu akifa jembe haliguswi. Kule kwenu tuliona, majirani wote wameacha majembe ndani, shamba limenyamaza, na mzee mmoja alimkemea kijana aliyekata jani la mgomba tu apate kujifunika mvua. Tuliporudi shuleni Projestus akauliza, "Jembe la Mwalimu ni lipi?" Wote tukatazama mlango wa chumba cha kompyuta.

Hatukuombwa na mtu. Tulifanya wenyewe na tulifanya kwa heshima. Wasichana tulileta vitenge kutoka nyumbani tukazifunika mashine moja moja. Wavulana wakapanda wakachomoa waya unaotoka kwenye paneli za sola, kwa sababu Projestus alisema hata jua lisifanye kazi chumbani kwa Mwalimu mpaka matanga yaanuliwe. Tukataka kuzima na inveta, lile sanduku linalogeuza umeme wa betri uwe wa kutumika, lakini tukaona ile taa yake ndogo nyekundu. Chumba kilikuwa giza, vitenge vimeinama, na ile taa inawaka peke yake pale pembeni. Ilikuwa kama mshumaa wa kanisani. Projestus akasema, "Hii tumwachie." Tukamwachia. Tukakuachia. Tukapiga ishara ya msalaba, tukafunga.

Mkuu wa shule alipita dirishani siku moja. Aliona vitenge, akaona na taa, akavua miwani akaipangusa, akaondoka. Hakuna mtu mzima aliyetuambia kitu. Labda kwa sababu hakuna aliyekuwa anajua, wewe ndiye uliyekuwa unajua.

Matanga yakaisha, likizo ikaingia. Tuliporudi tukafungua mlango pamoja. Taa ilikuwa imezimika. Projestus akavua kofia akasema polepole, "Imezimika yenyewe. Amefika."

Tukaamini, Mwalimu. Nakuapia tuliamini. Adventina akaanza wimbo, tukaimba beti mbili, na ule ulikuwa wakati pekee tangu ufe ambao nilihisi kifua kimefunguka. Halafu tukarudisha waya wa paneli, tukatoa vitenge, tukasubiri jua lipande. Tukabonyeza. Kimya. Tukasema mpola. Tukasubiri mpaka mchana. Tukabonyeza tena.

Fundi wa sola alitoka Muleba. Alipima betri moja baada ya nyingine, na kila akipima anasonya. Akauliza, "Nani aliacha inveta ikiwaka na paneli zimechomolewa?" Tukatazama chini. "Imezinyonya betri mpaka mfupa, halafu zikakaa wiki zote hizo na njaa. Hizi hazirudi. Sasa mlikuwa mnamulika nini humu?"

"Mwalimu," Projestus akasema.

Fundi akachomoa kipimo chake kwenye betri. Akakunja nyaya zake taratibu. Mlangoni akageuka, akasema si kwa ukali, "Poleni. Ila nyinyi ni watu wa Ngenge, mnajua ng'ombe. Msiba ukiingia, jembe linalala. Ng'ombe je? Mnamwacha zizini?"

Kila mmoja wetu alijua jibu. Msiba uwe mkubwa namna gani, lazima atoke mtu mmoja, hata akiwa analia, akawapeleke ng'ombe malishoni. Betri hazikuwa jembe. Betri zilikuwa ng'ombe. Ya jembe tuliyakumbuka yote, ya ng'ombe tukayasahau.

Projestus hakupaza sauti tena baada ya siku hiyo. Huwezi kumtambua. Anakaa mbele, anaandika, akiulizwa anasema hajui. Nilijaribu kumwambia kwamba tulikuwa wote, kwamba hata mimi niliiona ile taa nikaona ni nzuri. Akaniambia, "Wewe ulikuwa mikono tu. Mdomo ulikuwa mimi." Hilo neno linaniuma kuliko angenitukana.

Bodi ya shule ikakaa. Walimu wengine hawajui kompyuta, mwalimu mpya wa somo hajapatikana, betri mpya ni ndoto. Mwenyekiti wa bodi si mtu mbaya. Ni yule mzee wa mashamba ya mpunga, aliyekuwa anakuja kukuuliza habari za simu yake. Alisema mbele ya wazazi, "Mwalimu hayupo, betri hazipo, mashine tunawafugia buibui. Shule moja ya Bukoba mjini ina umeme na ina mwalimu. Zikasaidie watoto wa watu kule." Watu wakaguna, lakini ule mguno wa kukubali. Mkuu wa shule akasema ni haki kuwasikiliza na wanafunzi. Akamtazama Projestus. Sote tulimtazama Projestus, tulikuwa tumekubaliana aseme yeye, na alikuwa amejiandaa.

Projestus akasimama. Akafungua mdomo. Machozi yakamtoka mbele ya watu wote, mwanaume mzima wa Kidato cha Tatu, akakaa chini akaficha uso kwenye mikono yake.

Nikaona miguu yangu imesimama. Sikuiamuru mimi.

Sikumbuki nilianza na nini. Mwenyekiti akasema, "Mwanangu, ongea na sisi, usiongee na viatu." Watu wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Nikainua uso, na ule umati wa macho ukanipiga kama jua unapotoka ndani. Nilikuwa najua la kusema. Nilikuwa nimelisema moyoni tangu asubuhi: naomba mashine zibaki, hata moja, tutatafuta betri, tutafundishana, Kidato cha Kwanza wanatusubiri. Nilikuwa nimelipanga hatua kwa hatua kama ulivyotufundisha. Likafika kooni likageuka dogo. Nikasema, "Naomba tuachiwe chumba. Siku za Alhamisi."

Chumba.

Mwenyekiti akafurahi, akanyoosha mikono yote miwili. "Chumba tu? Hilo halina shida mwanangu, chukueni chumba." Nikaona uso wake unavyolegea, na nikaelewa, nimechelewa tayari, kwamba yule mzee alikuwa amejiandaa kubishana. Alikuwa amebeba ubishi mzito, na ningeuvuta kidogo pengine angeniachia kitu. Mimi nikamwomba kile ambacho hakimgharimu. Nilikaa. Matroni akanipigapiga mgongoni akasema nimejitahidi. Nilitaka kusimama tena. Mkutano ukaendelea na habari za choo cha walimu.

Mashine zilichukuliwa na gari la wazi. Tulizifunga kwa vile vile vitenge ili zisigongane. Yetu mimi na Projestus, ile ya pembeni yenye herufi E iliyofutika, niliibeba mwenyewe. Nilimwambia dereva, "Hii herufi ya tatu kutoka kushoto haionekani, lakini inafanya kazi. Uwaambie." Akaniambia sawa dada. Najua hatawaambia.

Mwalimu, nina hasira na wewe pia. Naandika haraka hili nisije nikalifuta. Ungeandika ukutani na habari za betri. Ungetuambia siku moja tu, hata kwa utani, watoto, nikifa msiniwashie taa. Ulitufundisha kuiambia mashine kila kitu, hatua kwa hatua, halafu wewe ukaondoka na hatua za mwisho hujazisema.

Basi, limetoka.

Alhamisi ya kwanza nilitegemea waje wawili watatu. Walikuja Kidato cha Kwanza wengi, wamenawa mpaka kwenye viwiko. Hakuna aliyewaambia kwamba mashine zimeondoka, au waliambiwa hawakuamini. Wakasimama wanatazama meza tupu na zile alama za vumbi. Mmoja, katoto ka kiume kenye sweta kubwa, akauliza, "Dada, ziko wapi?" Nikafungua mfuko wangu. Nilikuwa na ndizi zetu za bondeni, majani yaliyojitahidi, na kisu cha mama. Nikakiweka kisu mezani kwanza. Nikasema, "Mimi ni mashine. Sina akili hata moja. Niambieni nimenye ndizi."

"Menya!" yule wa sweta akasema.

Nikaanza kumenya meza.

Walicheka, Mwalimu. Walicheka kama sisi. Na katikati ya kile kicheko nikaona Projestus amesimama mlangoni, nusu ndani nusu nje. Hakucheka. Lakini mtoto mmoja aliposema "kata hapo," nilisikia kutoka mlangoni, kwa sauti ndogo kabisa, "Hapo ni wapi?" Kisha akaondoka.

Ningeweza kumalizia barua hapa ukafurahi. Lakini haitakuwa kweli. Walipokwenda nilikaa peke yangu na maganda, nikajua nimefanya nini. Mashine haisemi. Nilikuwa nimechagua tena kuwa mikono, mbele ya darasa zima, na hakuna aliyegundua isipokuwa mimi, na wewe kama ungekuwepo. Wale watoto wataamuru ndizi muhula huu. Muhula ujao watataka kuona kitu kikiwaka. Siwezi kuwamenyea ndizi mpaka Kidato cha Nne.

Bodi inakaa tena kabla ya kufunga shule. Nimemwomba Mkuu wa shule aniweke kwenye orodha ya wasemaji. Akaniuliza mara mbili, nikarudia mara mbili, na mara ya pili alisikia. Sijui kama watazirudisha. Nadhani hawatazirudisha, mashine zikishafika mjini hazirudi kijijini, hilo nalijua hata mimi. Pengine mwenyekiti atanicheka, kwamba aliniuliza nikaomba chumba, sasa nimekuja na mengine. Na acheke.

Likizo nitakuja Ijuganyondo nimsalimie mama yako. Nitamenya naye ndizi, na akiniuliza kitu nitamjibu kwa sauti anayoisikia. Nitapita na kwako kwenye migomba. Sitakuja na mshumaa, Mwalimu, usinifikirie vibaya. Sitaki tena kukuachia taa na kufunga mlango.

Pumzika, waitu. Mpola. Uliniambia nahamia kwenye mdomo, na uliondoka hujasikia jibu. Jibu ni ndiyo. Siku ya mkutano nitasimama kabla sijaitwa, nitatazama watu na si viatu, na neno la kwanza nitakalotamka litakuwa mashine.

Mwanafunzi wako,
Editha